Ripoti imeandika kuna "kinundu" karibu na bandama? Soma hapa kabla hujakosa usingizi

SautiYaProbu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Huu uzi nimeuwaza muda mrefu. Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili, nilianzia altrasaundi na sasa hivi nashinda kwenye CT, ile mashine ya eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, na kama kuna kiungo kimoja ambacho watu wanatishika nacho bure, halafu na sisi wenyewe wa kazi tunakikosea, basi ni bandama, au wengu kama wengine mnavyoliita. Ini kila mtu analijua, figo kila mtu anazijua, bandama limejikalia zake kushoto chini ya mbavu ya 9 mpaka ya 11, nyuma ya tumbo la chakula, halisemi kitu, siku moja karatasi inatoka imeandikwa "kuna kinundu karibu na bandama" na nyumba nzima hailali.

Ninachotaka kusema ni hiki: bandama halina umbo moja. Watu wanazaliwa nalo lina mipasuko, lina vinundu, lina wenzake wadogo pembeni, wengine limehama kabisa, na wengi wao ni wazima wa afya. Shahidi mzuri kuliko wote wa kukwambia kitu ulichokiona pembeni ni nini ni bandama lenyewe. Kiweke hicho kitu ulinganishe na bandama kwenye kila hatua ya picha, kama wanafanana mwanzo mpaka mwisho basi umeshapata jibu lako au umelikaribia sana.

Nielezee kilichonifundisha. Mwaka wangu wa kwanza kazini aliletwa mama mmoja ambaye alishatibiwa kansa ya utumbo mpana, amekuja kwa picha za ufuatiliaji. Nikapiga, nikaona pale kwenye mlango wa bandama, yani ule upande wa ndani mishipa ya damu inapoingilia, kuna kidude cha mviringo kama punje ya njegere, sm 1.2 hivi. Nikaandika kwenye maelezo ya awali "tezi, kansa imerudi?" Ile karatasi yule mama akaisoma. Wiki 3 amekaa na neno langu. Mtaalamu wa radiolojia alipokuja kuisoma alifanya kitu kidogo sana, akaitafuta CT ya miaka 2 nyuma ya mgonjwa huyo huyo, akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Kidude kiko pale pale, ukubwa ule ule, na baada ya dawa ya kontrasti, ile inayodungwa mshipani ili viungo vionekane vizuri, kimeng'aa sawasawa na bandama lililo jirani yake. Kilikuwa kibandama, amezaliwa nacho. Nilimtafuta yule mama nikamwomba radhi, na tangu siku ile sifungi picha ya tumbo bila kuuliza kama kuna ya zamani.

Sasa kibandama kinatokeaje. Mtoto akiwa bado kiinitete, kwenye wiki ya 5 hivi, bandama linaanza kama vijivimbe vidogo vidogo ndani ya utando unaolishikilia tumbo la chakula kwa nyuma, halafu vinakua vinasogeleana vinaungana vinakuwa kitu kimoja. Kimoja kisipoungana na wenzake kinabaki pembeni kivyake, kinapata kitawi chake cha damu kutoka ateri ya bandama, na kinafanya kazi ile ile ya kuchuja damu. Ndo kibandama chenyewe, wataalamu wanakiita splenankulasi. Sio kitu adimu hata kidogo, kwenye uchunguzi wa maiti vinakutwa kwa asilimia 10 mpaka 30 ya watu. Wengi wana kimoja, na mara nyingi hakizidi sm 2. Mahali pake pa kwanza ni pale mlangoni, pa pili ni mkia wa kongosho, na hapo kwenye kongosho ndo pana matatizo makubwa, nitarudi.

Hiyo ya kuungana ndo inaeleza na mipasuko. Yale mapande yaliyoungana huwa yanaacha alama, ndo maana ukingo wa juu wa bandama kwa watu wengi una vijichanja kama vya jani, na wakati mwingine mpasuko mmoja unaingia ndani sm 2 mpaka 3. Mtu mzima wa afya hajui kama anao mpaka siku apate ajali. Upande wa ndani nako bandama linaweza kutoa kinundu kikachomoza mbele ya figo ya kushoto, ukiangalia kwa haraka unasema huu ni uvimbe wa figo au wa tezi iliyo juu ya figo, kumbe ukiifuata picha kipande kwa kipande unaona kimeungana na bandama, hakijatengana nalo popote.

Ukubwa sitauongelea sana, watu wameshazoea kuambiwa mwisho sm 12. Ni kipimo kizuri cha kuanzia ila mtu mrefu bandama lake refu, kijana wa futi 6 na nusu ukimpima sm 13 usimwite mgonjwa kwa namba peke yake.

Karibuni, wenye maswali na wenye kazi zao waongezee.

---

mtu_wa_ubavuni

Mkuu asante, umekuja wakati muafaka kabisa. Mimi nilienda altrasaundi kwa ajili ya maumivu ya nyongo, nyongo ikaonekana ina mawe, sawa, ila chini ya ripoti kuna mstari "splenankulasi sm 1.4 kwenye mlango wa bandama". Dokta aliyenihudumia hakuuongelea kabisa, nami sikuuliza, nimefika nyumbani nimeusoma ule mstari mara 20. Je hiki kitu kinaweza kugeuka kansa? Na kitolewe pamoja na nyongo au kiachwe?

---

SautiYaProbu

Ndugu yangu pole kwa hizo siku. Hicho ni tishu ya bandama ya kawaida, ni kipande cha bandama kilichokaa nje ya bandama, sio uvimbe. Kinaachwa. Magonjwa yanayolishika bandama kubwa yanaweza kukishika na chenyewe, mathalani bandama likivimba nacho kinavimba, ila kuwepo kwake sio ugonjwa. Kujisokota au kupasuka kwa kibandama kunatokea ila ni nadra sana. Aliyeandika alikuwa sahihi kukitaja, kosa ni kwamba hakumalizia sentensi. Mimi siku hizi naandika "kibandama, umbile la kuzaliwa nalo, hakihitaji ufuatiliaji". Hayo maneno ya mwisho ndo mgonjwa anayahitaji kuliko namba. Muulize dokta wako akwambie kwa mdomo wake, ni haki yako, na kama una picha yoyote ya tumbo ya zamani ikatafutwe.

---

fezi_ya_pili

Mkuu umenikuna, mi niko CT pia. Naomba niongezee jambo ambalo wageni wa kazi wanaliogopa sana, bandama la milia. Ukipiga mapema, sekunde 30 hivi baada ya kontrasti kuingia mshipani, bandama linatoka lina mistari ya nyeupe na nyeusi inayopindapinda kama pundamilia. Mara ya kwanza kuiona nilidhani limepasuka vipande vipande. Sababu ni kwamba ndani ya bandama damu haiendi kwa mwendo mmoja, kuna njia ya haraka na kuna sehemu inapita taratibu kwenye vijichujio, kwahiyo dawa inafika sehemu moja kabla ya nyingine. Subiri mpaka sekunde 70 hivi upige tena, limekuwa jeupe lote laini sawasawa. Usiandike kitu kuhusu bandama kwa picha ya mapema peke yake. Kama hiyo awamu ya pili haipo, sema haipo.

Na hiyo milia ndo inarudi kwenye hoja ya mwanzisha uzi, maana kibandama chenye ukubwa wa kutosha nacho kinaweza kutoa milia ile ile. Mtoto kafanana na mzazi mpaka mistari.

---

Kisu_Taratibu

Nimesoma kwa makini. Mimi ni daktari wa upasuaji na naomba mnipe nafasi kidogo hapo kwenye kongosho.

Kibandama kikikaa ndani ya mkia wa kongosho kinaonekana kama kinundu cha duara, kingo safi, kinang'aa sana kwenye awamu ya mapema. Sasa uvimbe wa kongosho unaotokana na seli za homoni na wenyewe ni hivyo hivyo, duara, kingo safi, unang'aa mapema. Kwa macho ni pacha. Na kinachoumiza ni kwamba hata ile PET, skani ya dawa ya mionzi inayotafuta vipokezi vya homoni ya somatostatini, ambayo ndo tunaitegemea kwa uvimbe wa aina hiyo, bandama nalo linaidaka ile dawa vizuri tu, kwahiyo kibandama kinawaka na wewe unasema "si nilisema". Nimeshashiriki upasuaji ambao tulikata mkia wa kongosho na bandama lote likaenda nalo, maabara ikarudisha jibu: tishu ya bandama ya kawaida. Mgonjwa alikuwa mtu mzima wa afya. Sasa anaishi bila bandama, na chanjo za nimonia na za uti wa mgongo zimekuwa sehemu ya maisha yake, homa yoyote anakimbilia hospitali. Sitaisahau ile karatasi ya maabara.

Tulichotakiwa kufanya kipo na hakina kisu. MRI kwanza, ile mashine ya sumaku, kinundu kifuate bandama kwenye kila mfululizo wa picha, hasa ule wa difyusheni unaoonyesha maji yanavyotembea ndani ya tishu, kikiachana nalo hata kwenye mmoja uwe na mashaka. Ikibaki shaka kuna skani ya nyuklia, mgonjwa anatolewa damu kidogo, seli nyekundu zinawekwa dawa ya mionzi, teknishiamu 99m, na kupashwa moto mpaka karibu nyuzi 50 ili zichakae, kisha zinarudishwa mwilini. Kazi ya bandama ni kukamata seli zilizochakaa, kwahiyo popote zilipokusanyika pana tishu ya bandama. Uvimbe wa kongosho hauwezi kazi hiyo. Kipimo kizuri namna hii na watu wanakisahau.

---

SautiYaProbu

Dokta shikamoo na asante kwa kulisema hilo wazi. Na kuna upande wa pili wake, pale ambapo bandama linatolewa kwa makusudi.

---

Kisu_Taratibu

Marahaba. Ndiyo, huo upande ni muhimu. Kuna wagonjwa ambao kinga yao inashambulia chembe sahani, zile za kugandisha damu, na bandama ndo linazimaliza, dawa zikishindwa tunalitoa. Sasa ukiacha kibandama kimoja ndani, hakina mwenzake tena, kinachukua kazi yote, kinakua, na ugonjwa unaweza kurudi baada ya miezi au miaka. Kwahiyo kwa mgonjwa wa namna hii yule kibandama ambaye kwa mtu wa nyongo hapo juu hana maana yoyote, kwangu ni lazima nijue yuko wapi kabla sijaingia. Mkiviona andikeni, na mahali pake mpaandike. Ugonjwa ukirudi dalili moja ya bei ndogo iko kwenye darubini: mtu asiye na bandama seli zake nyekundu zinakuwa na vitone vinaitwa Howell-Jolly, kama havipo basi kuna tishu ya bandama sehemu bado inachapa kazi.

---

mwanafunzi_mwaka3

Samahanini wakubwa, shikamooni. Nimechanganyikiwa kidogo kati ya kibandama na splenosisi, ni kitu kimoja?

---

SautiYaProbu

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Kibandama unazaliwa nacho. Splenosisi inakuja baada ya bandama kupasuka, kwa ajali au kwa upasuaji, vipande vyake vinamwagika tumboni, vinajipandikiza kwenye utando vinaota. Vinaweza kuwa vingi na vya maumbo ya ajabu, na vinajitafutia damu kwa majirani, sio kwa ateri ya bandama. Kama na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kilichanika utavikuta hadi kifuani kwenye utando wa pafu la kushoto, na hapo mtu anasomewa kansa. Swali la kwanza kwa mgonjwa: uliwahi kuumia ubavu wa kushoto? Kovu tumboni liko wapi? Watu wanasahau ajali ya miaka 30 nyuma ila kovu halijasahau.

---

zamu_ya_usiku

Mimi niko kitengo cha dharura, nataka nijue hiyo mipasuko ya kuzaliwa nayo unaitofautishaje saa 8 usiku, majeruhi yuko kwenye mashine na daktari wa upasuaji amesimama nyuma yako anapumua shingoni

---

SautiYaProbu

Mkuu swali lako ndo gumu kuliko yote hapa. Angalia kingo. Mpasuko wa kuzaliwa una kingo laini zimejiviringa, kama mkunjo wa sikio, na ndani yake unaweza kuona mafuta yameingia. Ukingo wa mchaniko wa ajali umekwanyuka, haujanyooka, na pembeni kuna damu, iwe imezunguka bandama au imekaa chini ya gamba lake, na kwenye CT damu mbichi iliyoganda inakuwa nyeupe kuliko maji ya kawaida. Mpasuko uko peke yake, hakuna tone la maji tumboni, mbavu za kushoto nzima, hapo kuzaliwa nao kunapata nguvu. Ila kwa majeruhi nikiwa na shaka mimi siandiki "ni umbile la kawaida" nikaenda kulala, naandika nilichokiona na kwa nini naelemea upande gani, anaangaliwa, presha inapimwa, picha inarudiwa ikibidi.

Na mtego mwingine wa majeruhi kwenye altrasaundi: kuna watu, wanawake hasa, pande la kushoto la ini lao ni refu, linavuka mpaka kushoto linalikumbatia bandama kama mkono. Kwa probu unaona ukanda mweusi kidogo umelizunguka bandama na unasema damu hiyo. Mwambie mgonjwa avute pumzi taratibu uangalie, ini linateleza juu ya bandama, na ukiweka rangi ya Doppler, inayoonyesha damu inayotembea, unaona mishipa inapita ndani yake. Damu iliyotuama haina mishipa.

---

mama_wa_wawili

Mimi naomba niseme la mwanangu maana naona halijaguswa. Alikuwa na miaka 6, tumbo linamuuma linaacha, linamuuma linaacha, karibu mwaka. Kila tukienda minyoo, gesi, choo kigumu. Siku moja dada mmoja wa altrasaundi akaweka kile kifaa kushoto chini ya mbavu akanyamaza, akarudia, akaniambia mama mbona sioni bandama hapa. Akashuka nacho taratibu mpaka chini karibu na kibofu, akalikuta huko. Nilishika ukuta. Tulipelekwa CT siku ile ile, wakasema halijafa, limejisokota nusu tu, wakamfanyia upasuaji wa kulirudisha na kulishikiza. Yuko vizuri sasa. Nachotaka kujua ilikuwaje likafika huko.

---

SautiYaProbu

Mama pole sana na hongera, na huyo dada Mungu ambariki, maana alifanya kile ambacho wengi hatufanyi, kushangaa kitu kisichokuwepo. Ni rahisi kuona kinundu kilichozidi, ila kuona nafasi tupu kunahitaji utulivu.

Bandama limefungwa mahali pake na kano, kuna inayoliunganisha na tumbo la chakula na inayoliunganisha na upande wa figo. Kwa wengine zimelegea au hazikuumbika, basi bandama linabaki linaning'inia kwenye shina la mishipa yake tu, likitembea huku na huku. Tunaliita bandama tembezi, linaonekana kwa watoto na kwa wanawake wa umri wa kuzaa zaidi. Lile shina likijisokota damu inakwama, maumivu yanakuja, likijisokotoa yanaisha, ndo ile anaumwa anaacha. Kwenye CT unaona mishipa imejizungusha kama kamba iliyosokotwa, na bandama likiwa halipokei dawa kabisa ndo linakufa. Lenye uhai linashikizwa kama la mwanao, hasa kwa mtoto ambaye kinga yake inalihitaji, lililokufa linatolewa.

---

DaktariWaMawe

Fupi tu. Kwa wanaotolewa mawe ya figo kwa kutobolewa mgongoni: kuna watu bandama lao limepita nyuma ya figo ya kushoto, kwenye njia ya sindano yetu. Halina dalili yoyote. Ila mkiliona kwenye CT bila kuliandika, sisi ndo tutakutana nalo kwa sindano. Liandikeni tafadhali, mstari mmoja unatosha.

---

mwanafunzi_mwaka3

Nimeelewa kuhusu splenosisi, asante. Na wale wenye mabandama mengi mengi, au wasio nalo kabisa?

---

fezi_ya_pili

Hapo dogo usilihesabu bandama, angalia mwili mzima. Mpangilio wa kushoto na kulia umevurugika tangu kiinitete. Wa mabandama mengi mara nyingi mwili wake umejenga "kushoto" mara mbili, mapafu yote yanafanana na la kushoto, ini limekaa katikati, na ile vena kubwa ya chini inakatika karibu na ini, damu inapandia vena ya azigosi nyuma ya kifua. Asiye na bandama kabisa ni kinyume chake, "kulia" mara mbili, na wengi wana kasoro nzito za moyo. Na mtoto asiye na bandama maambukizi yanamwendea mbio sana, kwahiyo hilo sio umbile la kuandikwa chini ya ripoti, hilo daktari unampigia simu.

Nyingine ya utoto ambayo ni adimu ila inajulikana tangu 1883, tishu ya bandama inaungana na korodani ya kushoto, au ovari, kwa sababu bandama na tezi ya uzazi wanakua wakiwa majirani kabla tezi haijashuka. Mvulana anakutwa na uvimbe kwenye korodani na wengine korodani imetolewa kwa hofu ya kansa.

---

mtu_wa_ubavuni

Wakuu nimerudi. Nilifuata ushauri, nikaenda kupekua makaratasi nyumbani, kumbe miaka 7 iliyopita nilipigwa CT ya tumbo kwa mawe ya figo, CD bado ninayo kwenye bahasha. Nimempelekea dokta leo asubuhi, akamwita wa radiolojia, wakaifungua mbele yangu. Wamekikuta. Wakapima, sm 1.4. Wa radiolojia akakizungushia duara kwa mausi kwenye picha ya zamani na ya sasa akanionyesha na bandama pembeni yake, rangi moja. Nyongo inatolewa wiki ijayo, hicho kinabaki.

---

SautiYaProbu

Umenifurahisha sana ndugu yangu. Hiyo CD irudishe kwenye bahasha uandike juu yake mwaka na sehemu iliyopigwa, na siku ya upasuaji nenda nayo.